Ulisema Nimwombee, Sasa Ona

Nyumba ya nyuma ya karakana ya baiskeli,
Mlango wa buluu (nimeupaka mwenyewe, hauna mfano).
Jumapili ya pili ya mwezi wa nane, tumetoka kanisani sasa hivi.

Mpendwa Bibi, mchumba wangu wa kwanza,

Shikamoo. Narudia, shikamoo, maana najua ile ya kwanza Mjomba ameisoma mbio mbio kama mtu anayetangaza bei za nyanya, na wewe unapenda shikamoo ifike polepole ikiwa imevaa viatu. Mjomba, na wewe shikamoo. Tafadhali msomee Bibi kila neno. Ukiruka mahali atakugundua, kwa sababu barua zangu zina mwendo wake na yeye anaujua.

U hali gani, Bibi? Macho yanaendeleaje? Na mgongo? Mjomba aliniandikia kwamba siku hizi unakwenda kanisani bila kuegemea fimbo, ila fimbo yenyewe unaibeba ili uwanyooshee wanakwaya wanaochelewa. Nilipousoma ule mstari nikajua wewe ni mzima kuliko sisi wote. Endelea kuwanyooshea, hasa wale wa sauti ya pili.

Hapa kwetu hatujambo. Mama goti lake limetulia, mdomo ndio haujatulia. Mdogo wangu wa kike anaongoza darasani na sasa anasahihisha kila kitu, juzi alinisahihisha namna ya kupiga chafya. Mimi mwenyewe ni mzima wa afya, nimeongezeka urefu, na sura ndiyo usiseme. Nikipita pale kwa washonaji wasichana wanakosea mshono. Hapo Mjomba asome mara mbili.

Haya, salamu zimetosha. Bibi, nina ugomvi na wewe.

Chanzo cha ugomvi unakijua, niliandika katika barua ile ndefu. Lakini nitakirudia, kwanza kwa ajili ya Mjomba ambaye husahau hata alikoweka miwani iliyo usoni kwake, na pili kwa sababu bado kinaniuma na nikikisema napata nafuu.

Unajua kazi yangu ni kuandika mabango na kuta za maduka. Shule na mimi tuliachana mapema, tulichokana, lakini herufi hatujaachana. Nipe ukuta mbovu wenye nyufa, nitakuandikia neno mpaka ufa ujione ni pambo. Basi mwenye saluni ya pale njiapanda alinipa ukuta wake wote wa mbele niandike KARIBU TUKUHUDUMIE. Niliandika kwa buluu, kivuli cha njano, herufi zimesimama kama askari wa gwaride. Ile D peke yake ungeweza kuiposa. Jioni nikasafisha brashi nikaenda kulala na furaha ya bwana arusi.

Asubuhi ukuta ulisomeka KARIBU TUKUHUJUMIE.

Bibi, watu walisimama barabarani. Mwendesha mkokoteni aliacha mzigo wake katikati ya njia ili acheke vizuri. Mwenye saluni akatoka na kitana kimemning'inia kichwani, yeye hakucheka.

"Kijana, mimi namhujumu nani? Watu wanakuja kusukwa, wewe unawaambia wanakuja kuhujumiwa?"

"Mama, mimi niliandika D."

"D iko wapi?"

Nikaangalia. Kweli, D haikuwapo. Utamwonyeshaje mtu herufi ambayo haipo?

Lakini mimi si kipofu wa kazi yangu. Aliyefanya vile aliufuta mgongo wa D, akaacha tumbo, akalivika kofia juu na kulikunja mkia chini. Na ule mkia naujua. Mji huu mzima kuna mtu mmoja tu ambaye J yake hukunja mkia juu kama paka aliyeshiba, naye ni yule mwandishi mwenzangu wa mabango tunayemwita Profesa. Tunamwita hivyo kwa sababu amemaliza sekondari na hutembea na kalamu tatu katika mfuko wa shati, ingawa sijawahi kumwona akiandika na hata moja.

Na unajua nani aliitwa kuja kusahihisha ule ukuta? Yeye. Alifika na kopo mkononi, na ndani ya kopo buluu yangu imeshachanganywa, ileile, hata kivuli chake cha njano kakibeba. Mtu gani anaitwa ghafla anafika na rangi ya mwenzake ikiwa tayari? Niliuliza hivyo kwa sauti. Profesa akaniwekea mkono begani, mbele ya watu wote, akasema kwa upole kama mchungaji kwenye msiba:

"Tusimlaumu kijana. Ni shule tu imempungukia."

Hapo ndipo aliponimaliza, Bibi. Ile herufi ningeweza kuisahau. Ule upole ndio umenikaa kooni mpaka leo, kama mwiba wa samaki.

Tangu siku ile hakuna aliyenipa hata neno moja la kuandika. Nikibisha hodi dukani naulizwa, "Wewe si ndiye Hujuma?" Ndilo jina langu sasa. Watoto wa mtaa wananiamkia nalo: "Shikamoo kaka Hujuma." Mimi mwenye mkono wa dhahabu nikawa napaka chokaa mawe ya kando ya njia na rangi milango ya vyoo. Mlango wa choo hauna cha kuandika, Bibi. Labda mshale.

Ndiyo nikakuandikia ile barua ndefu. Kurasa nne, mbele na nyuma. Nilieleza kila kitu, nikachora na mkia wa J pembeni kama ushahidi. Nikangoja jibu nikijua sasa Bibi atawaka, atasema jamani mume wangu kaonewa, atafunga mizigo aje na fimbo. Jibu likaja. Salamu, mvua, kuku, kisha neno moja: Mwombee.

Neno moja kwa kurasa nne. Hata fundi saa hufafanua zaidi.

Najua utasema wewe ulishamwombea wifi yako aliyekuzushia kanisani kwamba umechukua vitambaa vya madhabahu, na alipougua ukampelekea uji mpaka akapona akaanza kukuzushia tena. Najua, Mama hutusimulia kila mwaka. Lakini wewe ni mtakatifu, Bibi, na mimi ni mpaka rangi. Ila kwa kuwa Mama aliisoma ile barua kabla yangu, sikuwa na pa kukimbilia. Kila jioni kabla ya chakula ananigeukia: "Haya, ya Bibi yako."

Jioni ya kwanza niliomba hivi: "Bwana, mwone yule mtu. Amina."

Mama akafumbua jicho moja. "Mwone ndiyo nini? Unasali au unashtaki polisi?"

Nikarudia: "Bwana, mpe anachostahili."

"Rudia."

"Bwana, mbariki. Kiasi."

"Kiasi gani? Unampimia Mungu kwa kijiko? Rudia, chakula kinapoa."

Mdogo wangu alikuwa ameuma kanga ya Mama asicheke. Nikakusanya nguvu zote, nikafumba macho, nikataka kusema Bwana umhudumie yule ndugu. Ulimi ukateleza. Unajua ulikotelezea. Mdogo wangu akaanguka kwenye kochi, na Mama, Mungu amsamehe, akaniita mpagani huku mabega yake mwenyewe yanatikisika.

Baadaye nikajifunza. Na hapa ndipo ugomvi wangu na wewe unapoanza kwa kweli, kwa sababu dawa yako inafanya kazi, lakini inafanya kazi upande usiotakiwa.

Niliombea afya yake. Profesa alikuwa na kikohozi tangu nimfahamu, ukimtafuta unafuata sauti. Kikakatika. Akaanza kunenepa, mashavu yanang'aa kama amepakwa vanishi. Nikaombea kazi yake, tena kwa meno yaliyokazwa. Wakamaliza kujenga ile zahanati mpya karibu na kituo cha mabasi, na kazi yote ya maandishi, milango yote, kuta zote, hadi lango la mbele, akapewa yeye. Kazi ambayo mimi nilikuwa naiota tangu wanachimba msingi. Nikauliza Mbinguni kama kuna makosa ya anwani. Mimi nilipojiombea baiskeli isinisumbue, mnyororo ulikatika siku hiyohiyo, kwenye mlima.

Nilimwendea mchungaji baada ya ibada, alikuwa anafunga madirisha ya kanisa. Nikamuuliza, je, inawezekana kumwombea mtu huku unamchukia? Sikutaja jina lakini alijua, mji mzima unajua. Akasema, "Inawezekana. Wengi tunaanza hivyohivyo. Ila huwezi kuendelea na vyote viwili muda mrefu, kimoja kitachoka." Nikamwambia chuki yangu ina afya nzuri, haitachoka. Akacheka, akanipa dirisha moja nifunge.

Na kuna jambo lingine hukuniambia, Bibi, nakulaumu kabisa. Ukimwombea mtu kila jioni mambo ya kumwombea yanakwisha. Umeshaombea afya, umeshaombea kazi, na Mama hataki kusikia sala ya jana. Ikabidi niulizeulize habari zake ili nipate cha kusema. Ndivyo nilivyojua kwamba mkewe ni mjamzito na miguu inamvimba. Ndivyo nilivyojua kwamba mama mkwe wake amehamia kwao, amekalia kile kiti cha ndani chenye mto, na Profesa jioni hukaa nje ya nyumba yake mwenyewe kwenye kiti cha plastiki, na mama mkwe akiongea na majirani humwita "huyo wa makopo". Sikutaka kuyajua haya. Ukishajua mtu anakalia kiti gani, kumchukia kunakuwa kazi ya sulubu.

Sasa nifike kwenye tukio lenyewe. Ni la Alhamisi hii iliyopita, siku ya kufungua zahanati.

Kazi yangu mimi ilikuwa kupaka chokaa mawe ya njia ya kuingilia. Nilikwenda asubuhi mapema wageni hawajafika, wapo tu mlinzi langoni na wafagiaji wawili nyuma. Nikamaliza mawe. Nikasema ngoja nione huyu mbarikiwa wangu kaandika nini. Nikapita ukumbini naangalia milango. MAPOKEZI, sawa. MAABARA, sawa, ila ile B ina kitambi. DAWA, sawa. Nikafika kwenye mlango wa chumba cha kuchomea wagonjwa sindano.

Juu yake, kwa herufi nyekundu kubwa: CHUMBA CHA SHINDANO.

Bibi, nilikaa chini. Nilikaa juu ya ndoo ya chokaa. Nikacheka bila sauti mpaka machozi yakachora njia kwenye vumbi la uso. Shindano. Mgonjwa aingie na homa yake ashindane na nani, na muuguzi? Mshindi apewe nini, kombe?

Na nilijua imetokeaje. Profesa ulimini mwake s na sh zinaishi chumba kimoja. Hunywa chai ya shukari, huoga kwa shabuni. Kwa kawaida akiandika hujichunga, lakini jana yake alikuwa anamalizia milango ya ndani giza linaingia, watu wanamharakisha, ulimi ukampita mkono. Kosa lake mwenyewe safi kabisa, hakuna aliyemwekea. Na baada ya saa mbili angekuja mgeni rasmi na wapiga picha, na daktari mkuu angewatembeza mlango kwa mlango.

Nikasema Mungu ni mwema. Nikaanza kumtafutia jina. Refa. Kocha. Mwenyekiti wa Ligi. Nilikuwa nimeshachagua Refa. Nikabeba ndoo niondoke, maana sikutakiwa kufanya chochote, Bibi. Kuondoka tu. Hata dhambi si dhambi kamili, ni kutembea.

Nikafika mlangoni. Nikawaza wataanza kumwita Refa leoleo. Nikawaza jioni atarudi nyumbani kwenye kile kiti cha plastiki, na mama mkwe atakuwa ameshasikia, na yule mkewe na miguu yake atakuwa ndani akisikiliza. Na mimi jioni hiyohiyo Mama atanigeukia, haya, ya Bibi yako, na nitafumba macho niseme nini?

Nilikasirika sijawahi kukasirika vile. Nilikukasirikia wewe, na mchungaji, na dirisha lake. Mtu kangoja miezi apate siku yake, siku imekuja imejileta yenyewe, na hawezi kuila kwa sababu ya bibi mmoja aliye mbali na neno lake moja. Nikarudi. Makopo ya Profesa yalikuwa pale pembeni, nyekundu imo, tambara limo, mafuta ya taa yamo. Nikasogeza benchi la wagonjwa, nikapanda, nikaanza kufuta huku namsema. Kila nikifuta namsema. Rangi haikuwa imekauka sawasawa, ilitoka. Nilifuta S na H, nikaandika S moja tu, lakini ilibidi ikae nafasi ya watu wawili, nikainenepesha. Ukija siku moja nitakuonyesha. Ni S iliyokula ikashiba.

Nikiwa napiga mstari wa mwisho nikasikia nyuma yangu:

"Hujuma huyu hapa. Nimemkamata na brashi mkononi."

Mlinzi. Na kwa kuwa mlinzi yule sauti yake ni ya uwanjani, wafagiaji wakaja, muuguzi akaja, na daktari mkuu mwenyewe akaja, mama mfupi mwenye miwani, anayetembea kama ana ugomvi na sakafu.

"Shuka. Unafanya nini kwenye mlango wangu?"

"Nafuta H, Daktari."

"H gani?"

Nikageuka kuionyesha. Nimeshaifuta.

"H iko wapi?" akauliza.

Bibi, maisha yangu yote yanaharibiwa na herufi ambazo hazipo.

Nikaeleza. Nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo. Mlinzi akasema, "Ndiye yule wa saluni, Daktari. Ana wivu na Profesa, kila mtu anajua." Muuguzi akasema lazima niondolewe kabla wageni hawajafika. Daktari akasema hataniondoa tu, atahakikisha mji huu hakuna atakayenipa tena hata jiwe la kupaka chokaa. Na alikuwa ana uwezo huo, nilimwona usoni. Nilikuwa nimesimama pale na nyekundu mikononi kama mchinjaji, na hakuna uongo wowote ambao ningeweza kuutunga ukanisaidia kuliko ule ukweli ambao haukunisaidia.

Ndipo Profesa akaingia. Koti, kalamu tatu, viatu vimeng'arishwa kwa ajili ya mgeni rasmi.

Daktari akamuuliza, "Fundi, hapa ulikuwa umeandika nini?"

Profesa akatazama ukuta. Akaitazama ile S nene, akalitazama tambara, kisha akanitazama mimi. Nilimwona anasoma kimyakimya, midomo inatembea, na midomo ilipofika pale, nikaona inafanya sh. Akajua. Nami nikajua kwamba kajua. Angesema neno moja tu, sindano, nimekwisha. Na wote wangemwamini, na asingekuwa amesema hata uongo mkubwa.

Akapangusa uso kwa mkono wa koti.

"Niliandika shindano."

"Ndiyo," akasema Daktari, "sindano. Ndivyo ilivyo. Sasa huyu anafuta nini?"

"Hapana, Daktari. Shindano."

"Ndiyo, nimekusikia. Sindano."

"Shindano, Daktari. La mpira."

Mlinzi ndiye aliyeelewa kwanza, akageukia ukutani akaanza kukohoa. Muuguzi akaziba mdomo. Profesa alisimama pale masikio yamemwiva, na mimi, Bibi, ambaye nilikuwa nimechagua hata jina la kumpa, sikuweza kucheka. Nilijaribu. Hakikutoka kitu.

"Kijana amenisahihishia," akasema. "Huyu hakosei herufi."

Halafu akainama kana kwamba anakusanya makopo yake, akasema chini chini, anaongea na makopo: "Hata ile ya saluni hakukosea."

Daktari alimsikia, akavua miwani akamtazama. Hakumuuliza basi ni nani aliyekosea. Yeye husukwa palepale saluni, kwa hiyo usihangaike, kufikia mchana habari ilikuwa imeshafika njiapanda na imeshasukwa mtindo wake.

Lakini Profesa hakuniomba msamaha. Nataka ujue hilo. Nilisimama nikangoja, maana nina hotuba ambayo nimeiandaa tangu siku ile ya mkono begani, hotuba nzuri sana, ina sehemu ya kumlinganisha na fuko. Nilingoja aseme tu nisamehe ili nianze. Hakusema. Kaniokoa mbele za watu, kajiaibisha mwenyewe kwa hiari yake, na hajaniomba msamaha. Sasa mtu kama huyo unamkasirikiaje? Ameniharibia hata hasira.

Daktari akaangalia saa. "Lango la mbele bado halijaandikwa. Wageni wanakuja. Nani anapanda?"

Ni lile lango kubwa la nondo, na juu yake kuna bati refu la kuandikia jina la zahanati. Ngazi yao ni ya mbao, mguu mmoja mfupi, haisimami bila mtu wa kuishika. Na Profesa, kwa sababu ya sala zangu, amenenepa kiasi kwamba alipokanyaga kidato cha pili kililia. Akashuka. Akanipa brashi yake, ile nzuri ya manyoya ambayo hata mkewe haruhusiwi kuigusa. Kisha akaishika ngazi kwa mikono miwili.

Nikamtazama. Akanitazama. Chini ni zege, Bibi, na juu ni mbali.

"Panda tu," akasema. "Nimeshika."

Nikapanda. Kidato cha kwanza, cha pili, naangalia vidole vyake chini. Miezi yote hii nimemwombea yeye kila siku, afya yake, kazi yake, mkewe, mpaka mama mkwe. Kule juu ndiko nilikosali sala ya kweli kuliko zote, na sikumwombea yeye hata kidogo. Nilijiombea mimi.

Niliandika jina lote kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Sikuwahi kuandika vizuri namna ile. Ngazi haikutikisika hata mara moja, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Kwa hiyo ukiniuliza kama nimemsamehe, sijui nikujibuje. Mchungaji wetu naye nimemwambia tu kwamba nilipanda.

Jana mwenye saluni amenituma nikaandike ukuta wake upya. Nimemwambia nitakwenda, ila nitafikiria.

Nisalimie Mjomba ingawa ndiye anayesoma, ajisalimie kwa heshima. Nisalimie mkewe, wale mabinamu wakorofi, na yule shangazi anayeuliza kila siku nitaoa lini. Mwambie bado nangoja wewe ukubali. Mama anakusalimu na anasema usiniamini ninavyosimulia. Mdogo wangu anakusalimu na amesahihisha barua hii makosa saba, nikakataa matano.

Mungu akutunze, Bibi, aulinde mgongo wako na akuzidishie nguvu za mkono kwa ajili ya wale wa sauti ya pili. Ukijibu, tafadhali andika zaidi ya neno moja. Na lisiwe jina la mtu mwingine wa kumwombea, mimi nimechoka.

Wako akupendaye hata ukimtuma kazi ngumu,
Mjukuu na mume wako mdogo,
Mkono wa Dhahabu.